Patrice Lumumba: karani wa posta aliyejisomesha mwenyewe

Watu wengi wanaanza kumhesabia Patrice Lumumba maisha yake tangu tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru. Ile miaka ya Kisangani inatajwa kwa haraka tu, na hapo ndipo alipojitengeneza.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, Sankuru, mtoto wa mkulima Mtetela. Alipita katika shule za wamisionari, Wakatoliki na Wamethodisti, lakini sekondari hakuimaliza. Wakati wa vita vya pili vya dunia aliacha kwao, akafanya kazi Kalima, huko Maniema, katika kampuni ya madini. Mwaka 1944 akafika Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, bila diploma na bila mkubwa wa kumshika mkono.

Posta ikampokea kama karani. Mwaka 1947 alitumwa Léopoldville kwenye shule ya posta, akarudi na cheti. Wengine wangetosheka hapo. Yeye, kazi ikiisha, alisoma masomo kwa njia ya barua, tena akajitolea kusaidia katika maktaba ya mji bila mshahara. Anayekosa pesa ya vitabu akae karibu na kabati lake! Kifaransa chake kikanyooka, akaanza kuandika makala katika La Voix du Congolais na La Croix du Congo, na kuongoza vyama vya makarani na vya wanafunzi wa zamani.

Alitafuta pia ile karti iliyomhesabu Mwafrika kuwa mtu aliyestaarabika. Kuipata kulikuwa kama mtihani wa aibu: wakaguzi waliweza kuingia hadi nyumbani, wakaangalia meza, vyombo na choo. Ombi la kwanza walilikataa. Alikata rufaa, na mwaka 1954 akaipata. Lakini mshahara wake haukuwa wa Mzungu, na maisha yaliyodaiwa kwa mwenye karti yalikuwa ya Kizungu.

Hapo ndipo alipoanguka, na haifai kuficha. Mwezi wa saba 1956, aliporudi kutoka safari ya Ubelgiji, alikamatwa kwa sababu ya pesa za posta, zaidi ya franga 100.000. Alikiri kuzichukua. Alihukumiwa kifungo. Cheo alichojenga kwa miaka kumi na zaidi kikaisha.

Gerezani aliandika kitabu kizima juu ya mustakabali wa Kongo. Alipotoka, mwaka 1957, hakurudi posta. Alihamia Léopoldville akauza bia ya Polar kwa kampuni ya Bracongo, na kazi hiyo ikampitisha kila baa na kila mtaa. Watu wakaizoea sauti yake. Mwezi wa kumi 1958 chama cha MNC kikaanzishwa, yeye akiwa kiongozi; mwezi wa kumi na mbili alikuwa Accra, kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote. Mwaka mmoja na nusu baadaye alikuwa waziri mkuu.

Kile kitabu cha gerezani, alichokiandika akiwa bado anaamini kwamba Wakongo na Wabelgiji wanaweza kujenga nchi pamoja, kilichapishwa Bruxelles mwaka 1961. Mwandishi wake alikuwa ameshauawa karibu na Élisabethville, tarehe 17 Januari mwaka huo, akiwa na miaka 35.