Mwami Theresa Ntare na Mabinti wa Buha

Katika orodha ya watu waliotukuka wa mkoa wetu wa Kigoma, jina la Mwami Theresa Ntare wa Heru halina budi kutajwa miongoni mwa ya mwanzo. Bibi huyu amekwisha kutangulia mbele ya haki, na vijana wengi wa Kasulu na Kibondo hulisikia jina lake kwa wazee tu, kama wanavyosikia habari za ngoma na ng'ombe wa zamani. Tumeonelea tueleze habari zake kwa sababu ndani ya maisha yake mna funzo ambalo wakazi wa nyanda zetu za juu bado hatujalitimiza lote.

Buha ya kale haikuwa nchi ya mtawala mmoja. Ilikuwa na falme kadhaa, na kila ufalme na mwami wake. Heru ilikuwa katika Kasulu. Muhambwe na Buyungu zilikuwa upande wa kaskazini, katika sehemu ambazo leo ni Kibondo na Kakonko. Chini ya mwami walikuwako watwale walioziangalia sehemu mbalimbali za nchi. Wajerumani waliikuta hali hiyo. Wabelgiji waliitwaa nchi mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1921 wakawakabidhi Waingereza. Mwaka 1926 Waingereza walitoa sheria ya utawala wa wenyeji, na tangu hapo chifu akawa mkono wa serikali: kukusanya kodi, kuamua kesi barazani na kutekeleza amri za Bwana Shauri.

Kiti cha namna hiyo ndicho alichokalia Theresa Ntare mwaka 1946. Ulikuwa mwaka wa mabadiliko, kwani mwezi wa Desemba Umoja wa Mataifa uliiweka Tanganyika chini ya udhamini wake, na Uingereza ikapewa kazi ya kuiongoza. Katika mila zetu mwanamke huinama kwa unyenyekevu anapomwamkia mwanamume. Lakini huko Heru wazee wenye mvi, watwale na wenye makundi ya ng'ombe walipaswa kumwinamia mwanamke, kwa kuwa yeye ndiye mwami. Hapakuwa na jambo la kushangaza kuliko hilo kwa wageni waliodhani kwamba mwanamke wa Kiafrika hajui kutawala.

Hata hivyo, tusidanganyike na fahari ya kiti. Theresa alikipata kwa kuwa alizaliwa katika ukoo wa watawala. Mwanamke aliyepiga jembe kilimani hakuzaliwa katika ukoo huo, na hali yake haikubadilika kwa sababu mwami ni mwanamke. Aliolewa kwa mahari waliyokubaliana wazee. Ardhi na mifugo vilirithiwa na wanaume. Tena serikali ya kikoloni iliifanya Buha kuwa ghala la vibarua. Kulikuwa na kodi ya kulipa na hapakuwa na zao kubwa la kuuza, kwa hiyo wanaume walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na Waha wakaandikwa kwa wingi kuwa manamba. Mume alikaa huko miezi mingi, pengine miaka. Nyuma yake mkewe alilima mahindi, maharage na mihogo, akalea watoto, akauguza wazee. Kazi ya nyumba nzima ilikuwa mikononi mwake, lakini kauli haikuwa yake.

Shule nazo zilifuata mkondo huo huo. Mwaka 1925 serikali ilifungua shule ya Tabora kwa makusudi ya kuwafundisha wana wa machifu. Walikuwa wana wa kiume. Kwa wasichana serikali haikuwa na haraka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iliachiwa misheni. Wamisionari wa Kikatoliki, na pia wale wa Kianglikana, walifungua shule katika Buha, lakini binti aliyebahatika kuingia alifundishwa mambo machache: kusoma Maandiko, kuhesabu kidogo, kushona na usafi wa nyumba. Wengi hawakuvuka darasa la nne. Mkoloni alisema wazazi ndio wasiotaka, na mzazi alisema hakuna shule ya kumpeleka. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli, na kati yao binti alibaki na mtungi kichwani.

Hapo ndipo tunapoona uzito wa nafasi ya Mwami Theresa. Uchifu wa wakati wake haukuwa tena kazi ya fimbo na ngoma peke yake. Ulikuwa kazi ya karatasi: barua za Bwana Shauri, daftari za kodi, hesabu za hazina ya wenyeji, kumbukumbu za hukumu. Mtawala asiyeweza kuyafuatilia hayo alitawaliwa na karani wake. Kwa kukaa katika kiti hicho Theresa aliwaonyesha watu wa Heru, siku kwa siku, kwamba mambo ya serikali hayaishindi akili ya mwanamke.

Wimbi la uhuru lilipoinuka baada ya TANU kuundwa mwaka 1954, machifu wengi walisitasita, wakihofia viti vyao. Theresa Ntare aliingia katika siasa za Taifa, na nchi ilipokuwa huru alikuwa miongoni mwa wanawake waliohesabika kwa vidole katika Bunge la kwanza, pamoja na akina Bibi Titi Mohamed, Lucy Lameck, Sophia Mustafa na Barbro Johansson. Mwanamke wa Kasulu aliketi mahali zilipotungwa sheria za Tanganyika nzima.

Mwaka 1963 sheria iliyoondoa mamlaka ya machifu ilianza kutumika. Kiti cha Heru kikabaki historia, kama vilivyobaki vile vya Muhambwe na Buyungu, ambavyo majina yake leo tunayasikia katika majimbo ya uchaguzi. Hatuulilii uchifu. Taifa linalotaka usawa halikuweza kuwaachia watu wachache utawala wa kuzaliwa. Lakini tuone jambo hili: cheo alichopewa Theresa kwa damu kiliweza kuondolewa kwa sheria moja. Elimu anayoipata binti hakuna sheria iwezayo kumnyang'anya.

Serikali huru ilifanya kazi kubwa. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977 uliwaingiza watoto wa kike darasani kwa wingi ambao mkoloni hakuufikiria. Mwaka 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa, na kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi kukawa kosa la kifungo cha miaka 30. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyekatizwa masomo kwa uzazi anaweza kurudi shuleni. Milango hiyo imefunguliwa. Kinachobaki ni wazazi kuwapitisha mabinti zao.

Nasi tunasema kwa uwazi kwamba bado wako kati yetu wazazi wanaohesabu mahari kabla ya kuhesabu madarasa, na wazee wanaomaliza kesi ya mwanafunzi aliyepewa mimba kwa mbuzi na pombe, kimya kimya, jioni. Mzazi wa namna hiyo akijisifu kwamba Buha iliwahi kutawaliwa na mwanamke, anajisifu kwa kitu anachokikana nyumbani mwake. Mababu zetu walikubali kumwinamia Theresa kwa sababu ya ukoo wake. Sisi tunatakiwa jambo jepesi zaidi: kumnunulia binti daftari, kumpunguzia safari za maji na kuni apate kusoma, na kumkataa mchumba anayebisha hodi kabla ya mtihani.

Heshima ya kweli kwa Mwami Theresa Ntare itaonekana katika madarasa ya Kasulu na Kibondo, pale binti wa mkulima asiye na ukoo wa kifalme atakapofika mbali kuliko alipofika yeye.