John Lawes na Njaa ya Mahindi

Ukipita mashamba ya hapa Kiplombe baada ya mvua za masika kuanza, utaona mahindi mengine machanga yamegeuka rangi ya zambarau. Watu husema ni baridi tu. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi hiyo ni njaa ya fosforasi. Udongo wetu mwekundu una asidi, nayo fosforasi hunaswa humo isifikie mizizi. Ndiyo maana nawasimulia maisha ya John Bennet Lawes.

Lawes alizaliwa mwaka wa 1814 huko Rothamsted, Uingereza. Alisoma Oxford lakini akatoka bila digrii, na mwaka wa 1834 akaanza kusimamia shamba la familia. Siku hizo wakulima walikuwa wakisaga mifupa na kuitia shambani. Jirani akamwuliza mbona mifupa inasaidia shamba hili, na lile haifui dafu. Lawes akajaribu na kujaribu, mpaka akaona kwamba mifupa ikitiwa asidi ya salfa, fosforasi yake huyeyuka na mmea huinywa upesi. Mwaka wa 1842 alisajili uvumbuzi huo, yaani supafosfeti.

Mwaka wa 1843 alimwajiri mkemia Joseph Henry Gilbert. Hebu fikiria, walifanya kazi pamoja miaka 57! Majaribio yao ya ngano katika shamba la Broadbalk yanaendelea hadi leo. Lawes aliaga dunia mwaka wa 1900.

Kuna jambo ambalo hakuishi kuliona. Mmea ukikosa fosforasi, mizizi yake hutoa kemikali za kuita kuvu rafiki waulishe. Mwaka wa 2017 watafiti walionyesha kwamba sehemu ya mmea inayosimamia njaa hiyo ndiyo pia hupunguza kinga yake. Mlango ukifunguliwa rafiki, adui naye hupenya. Kule Siaya na Busia, mbegu za gugu la kiduha, ambalo Waluo huliita kayongo, husikia mwito huohuo, zikaota na kufyonza mahindi.

Sisemi tumwage mbolea ovyo, maana kinga hainunuliwi kwa gunia. Tupeleke udongo ukapimwe kwanza. Ukiwa na asidi nyingi, tutie chokaa, kisha mbolea kwa kipimo. Lawes alianza kwa kuuliza mbona shamba hili si kama lile. Nasi wanafunzi tuulize hivyohivyo nyumbani, kabla ya kupanda.