Songea Mbano

Nduna Songea Mbano (alifariki 1906) alikuwa kiongozi wa Wangoni na mmoja wa viongozi wakuu wa Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani katika kusini ya Tanzania ya leo. Mji wa Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, umepewa jina lake. Yeye na wenzake walionyongwa hukumbukwa kila mwaka tarehe 27 Februari katika Tamasha la Majimaji.

Asili na uongozi

Wangoni walitoka Afrika Kusini wakati wa vita vya Mfekane. Wakiongozwa na Zwangendaba, walivuka mto Zambezi mwaka 1835 na kufika Ufipa, alikofia kiongozi huyo. Baada ya hapo waligawanyika, na baadhi yao walifika eneo la Songea wakaunda dola mbili: Njelu na Mshope. Kila dola ilitawaliwa na nkosi, yaani mfalme, na chini yake walikuwepo manduna walioongoza majeshi na kusimamia maeneo.

Songea Mbano alikuwa nduna katika dola ya Njelu chini ya Nkosi Mputa Gama. Cheo chake kilikuwa chini ya kile cha nkosi, lakini nguvu zake za kijeshi zilimfanya ajulikane sana. Wajerumani walipojenga boma lao mwaka 1897 karibu na makazi yake, waliliita kwa jina lake. Mji uliokua kando ya boma hilo ukabaki na jina hilo hadi leo.

Vita vya Majimaji

Utawala wa Kijerumani uliwanyang'anya wakuu wa Kingoni madaraka yao, ukadai kodi na kuwalazimisha watu kufanya kazi. Palikuwa pia na ugomvi na misheni ya Wabenedikto ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, hasa baada ya mmisionari mmoja kuchoma kibanda cha mahoka, yaani mizimu ya wahenga, cha Nkosi Mputa.

Vita vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, karibu na Kilwa. Dawa ya maji, iliyoaminiwa kuwa itageuza risasi za Wajerumani kuwa maji, ililetwa Ungoni na mjumbe aliyeitwa Kinjala. Nkosi Chabruma wa Mshope aliipokea, na dola ya Njelu ikaingia vitani pia. Septemba 1905 misheni ya Peramiho ilichomwa moto.

Dawa haikuzuia bunduki za Wajerumani. Wangoni waliposhindwa katika mapigano ya wazi, waligawanyika katika vikundi vidogo na kujificha maporini. Wajerumani nao walichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Kukamatwa na kifo

Songea Mbano alijificha kwa muda katika pango la Chandamali, karibu na mji wa sasa, kabla ya kukamatwa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wengi kwa pamoja, akiwemo Nkosi Mputa Gama, wakazikwa katika kaburi moja. Chabruma alikimbilia Msumbiji, akauawa huko.

Kufuatana na masimulizi ya wazee, Wajerumani walitaka kumwacha hai Songea ili awasaidie kutawala, lakini alikataa na kudai afe kama wenzake. Alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake. Ukoo wake unasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Kumbukumbu na tamasha

Mwaka 1980 makumbusho ya mashujaa yalifunguliwa mahali pa makaburi hayo, katika eneo la Mahenge mjini Songea. Tangu 2010 yako chini ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania. Uwanja wa michezo wa Majimaji na klabu ya mpira ya Majimaji pia vinakumbusha vita hivyo.

Tamasha la Majimaji huchukua siku kadhaa na kufikia kilele tarehe 27 Februari. Watu huja na ngoma za Ruvuma, kama vile lizombe ya Wangoni na mganda na kioda za mwambao wa ziwa Nyasa. Huuza vyakula vya asili na kazi za mikono, na wazee huvaa mavazi ya kivita. Linafanyika karibu na majira ya karnivali za Brazil na Trinidad, ambazo ni shangwe za kabla ya Kwaresima, lakini kiini chake ni makaburi: siku ya kilele hufanyika ibada ya kuwaombea marehemu, na silaha za jadi na mashada ya maua huwekwa kwenye mnara.

Suala la fuvu

Kwa kuwa kaburi la Songea linaaminika kuwa na mwili usio na kichwa, ukoo wa Mbano umedai kwa miaka mingi fuvu hilo lirudishwe ili mazishi yakamilike. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alitembelea makumbusho hayo, akakutana na wazao wa Songea, akaomba msamaha kwa matendo ya Wajerumani na kuahidi kusaidia kulitafuta.