Ernst Ruska, mwanafunzi wa Berlin aliyeipa nanoteknolojia macho

Kijana anayesoma masta ya nanoteknolojia upande wa uhandisi anapitisha saa nyingi mbele ya mashine moja: mikroskopi ya elektroni. Mashine hiyo ndiyo inayomwonyesha kama kitu alichotengeneza kipo kweli, kwa sababu kwa macho haoni kitu. Haikuanzia katika kiwanda kikubwa, wala mikononi mwa profesa mzee. Ilianzia katika kazi za shule za mwanafunzi wa umeme mjini Berlin, Ujerumani, aliyemaliza masomo mwaka wa 1931 bila kupata kazi. Jina lake ni Ernst Ruska.

Ili kuelewa uzito wa kazi yake, tuanze na kipimo. Ukigawanya milimeta moja katika vipande milioni moja vilivyo sawa, kila kipande ni nanometa moja. Mikroskopi ya kawaida, ile inayotumiwa hospitalini kutafuta malaria katika damu, inatumia mwanga. Lakini mwanga ni mawimbi, na kitu kilicho kidogo kuliko nanometa 200 hivi hauwezi kukionyesha vizuri, hata lenzi ziwe nzuri namna gani. Virusi vingi viko chini ya kipimo hicho. Ruska alipoanza chuo, waganga walijua kwamba virusi vinaua, lakini hakuna aliyekuwa amejua sura yake.

Ruska alizaliwa tarehe 25 Desemba 1906 mjini Heidelberg, mtoto wa tano kati ya saba. Baba yake, Julius Ruska, alikuwa mtaalamu wa lugha za Mashariki na wa historia ya sayansi. Katika chumba cha kazi cha baba kulikuwa na mikroskopi nzuri ya Zeiss ndani ya sanduku la mbao. Mara moja moja baba aliwaonyesha watoto mambo ya ajabu kupitia mashine hiyo, lakini kuigusa kulikatazwa, kwa kuogopa mikono ya watoto isije ikaiharibu.

Mwaka wa 1925 alikwenda Munich kujifunza uhandisi wa umeme, na miaka miwili baadaye akahamia chuo cha ufundi cha Berlin. Hapo aliingia katika kundi la wanafunzi lililoongozwa na Max Knoll, mtaalamu kijana, katika labo ya umeme wa nguvu kubwa. Kundi hilo halikuwa likitafuta mikroskopi. Lilikuwa likitengeneza chombo cha kupima mishtuko ya umeme inayopita katika nyaya kubwa kwa muda mfupi sana. Ndani ya chombo hicho kulikuwa na mshale mwembamba wa elektroni, na shida ilikuwa kuukusanya ili uchore alama ndogo inayong'aa vizuri.

Miaka michache kabla, Mjerumani mwingine, Hans Busch, alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba bobini fupi ya waya yenye umeme inaweza kukusanya elektroni kama vile lenzi ya kioo inavyokusanya mwanga. Hesabu ilikuwepo, lakini vipimo vilivyofanywa havikulingana nayo vizuri. Mwaka wa 1929 Ruska alipewa kazi ya kuhakikisha jambo hilo. Alitengeneza bobini, akaizungushia chuma ili kukaza nguvu yake, akapima, akalinganisha na hesabu. Ilikubali. Alipata hata picha kali ya tundu dogo ambalo elektroni zilipitia. Kazi yake ya mwisho ya diploma, aliyoitoa Desemba 1930, ilitafuta namna ya kukusanya elektroni kwa umeme tuli badala ya bobini.

Alipopata diploma ya injenieri, uchumi wa Ujerumani ulikuwa umeanguka na vijana wenye diploma walikaa bila kazi. Ruska alibaki labo kama mwanafunzi wa doktora. Wazo lililofuata lilikuwa rahisi: kama bobini moja inakuza picha, bobini ya pili ikiwekwa nyuma yake itakuza picha ile tena. Tarehe 7 Aprili 1931, yeye na Knoll walipata picha ya kwanza iliyokuzwa mara mbili kwa njia hiyo. Ukuzaji wote haukufika mara 20. Mikroskopi yoyote ya shule ilifanya vizuri zaidi. Lakini njia ilikuwa imeonekana.

Hapo ndipo Ruska alipopata habari iliyomvunja moyo. Yeye na Knoll walifikiri elektroni ni vichembe tu, hivyo mipaka ya mawimbi ya mwanga haiwahusu. Kisha wakaambiwa kwamba Mfaransa Louis de Broglie alikuwa ameonyesha tangu miaka kadhaa kwamba elektroni nazo zina mawimbi. Hawakuwa wamesikia habari hiyo. Ruska alifikiri kazi imekwisha, kisha akachukua kalamu na kufanya hesabu. Mawimbi ya elektroni yalitoka mafupi kuliko ya mwanga karibu mara 100,000. Mpaka ulikuwepo, lakini ulikuwa mbali sana.

Mwaka wa 1932 Knoll aliondoka kwenda kufanya kazi katika kampuni. Ruska na mwenzake Bodo von Borries walitafuta namna ya kutengeneza lenzi yenye nguvu zaidi, wakaandikisha haki ya ugunduzi huo. Mwaka uliofuata von Borries naye akapata kazi mji mwingine. Ruska aliendelea akiishi kwa msaada wa mark 100 kwa mwezi. Mwisho wa 1933 mashine yake mpya ilikuza mara 12,000, na kwa mara ya kwanza ikapita mikroskopi ya mwanga katika kuonyesha vitu vidogo.

Hata hivyo hakuna aliyeitaka. Elektroni zilichoma vitu vilivyowekwa ndani, na wataalamu wengi waliuliza itamfaa nani mashine inayogeuza chembe hai kuwa majivu. Ruska aliingia kampuni ya televisheni ili apate mshahara, na kwa karibu miaka mitatu yeye na von Borries waligonga milango ya makampuni na ofisi wakitafuta fedha.

Aliyefungua mlango alitoka nyumbani. Mdogo wake, Helmut Ruska, alikuwa amesomea uganga. Yeye aliona haraka kwamba mashine hiyo itawaonyesha waganga virusi. Alimshawishi mwalimu wake, Profesa Richard Siebeck wa Berlin, ambaye mwaka wa 1936 aliandika barua ya kuunga mkono kazi hiyo. Mwaka wa 1937 kampuni ya Siemens iliwaajiri Ruska na von Borries. Mwaka huo huo von Borries alimwoa dada yao Ruska. Mwaka wa 1939 Siemens ilianza kutoa mikroskopi za kuuzwa, na mwaka huo Helmut na wenzake walitoa picha za virusi vinavyoshambulia majani ya tumbaku.

Ilikuwa pia mwaka wa vita. Mabomu ya 1944 yaliharibu labo ambamo Helmut alikuwa akiwapokea watafiti, na baada ya vita ilibidi kujenga upya. Mwaka wa 1954 Siemens ilitoa mikroskopi mpya ya Ruska, iliyoitwa Elmiskop, na zaidi ya taasisi 1,000 duniani ziliitumia. Mwaka wa 1955 Ruska aliacha kampuni, akaongoza taasisi ya mikroskopi ya elektroni huko Berlin hadi 1974, huku akifundisha vijana.

Kazi yake ilifika kwetu mwaka wa 1976. Ugonjwa usiojulikana uliua watu katika kijiji cha Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Mganga wa Kikongo, Jean-Jacques Muyembe, alikuwa kati ya wa kwanza kufika. Damu ya mtawa mgonjwa ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, na sampuli zikafika pia Atlanta, Marekani. Chini ya mikroskopi ya elektroni kilionekana kitu kirefu, chembamba, kilichojikunja kama uzi. Upana wake ni karibu nanometa 80. Mikroskopi ya mwanga isingekionyesha kamwe. Hicho ndicho virusi vya Ebola, ambavyo wakaaji wa Beni na Butembo waliishi na hofu yake kuanzia 2018 hadi 2020.

Zawadi ya Nobel ya fizikia ilimfikia Ruska mwaka wa 1986, miaka 55 baada ya picha ile ya kwanza. Alipewa nusu. Nusu nyingine waligawana Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, waliotengeneza mashine nyingine inayoonyesha hata atomu moja moja. Siku ya kuipokea zilibaki wiki mbili tu atimize miaka 80. Kaka yake wa labo, von Borries, alikuwa amekufa tangu 1956, na Helmut tangu 1973. Ruska mwenyewe alikufa Berlin Mei 1988.

Katika vyuo vyetu, kazi nyingi za mwisho wa masomo zinatolewa, zinapewa alama, kisha zinafungiwa kabatini. Kazi ya Ruska ya 1929 ilikuwa kama hizo: mwanafunzi, bobini moja ya waya, na hesabu ya mtu mwingine ambayo hakuna aliyekuwa ameipima vizuri. Tofauti ni kwamba yeye aliipima, na alipopata diploma hakuiacha.