Tazio Nuvolari: Dereva wa Mantova na barabara ya kilometa 1600

Kila mwaka, mamia ya magari ya zamani huondoka mjini Brescia, kaskazini mwa Italia, yanakwenda hadi Roma na kurudi. Mengi kati yao ni magari ya mbio yaliyotengenezwa Italia: Alfa Romeo, Lancia, OM, Maserati, Cisitalia, Ferrari. Safari hiyo inaitwa Mille Miglia, maana yake maili elfu moja. Siku hizi hakuna anayeshindania kasi. Kinachopimwa ni kufika kila kituo kwa saa iliyopangwa, na gari likiwa bado linatembea.

Zamani haikuwa hivyo. Kati ya mwaka 1927 na 1957, Mille Miglia yalikuwa mashindano ya kweli kwenye barabara za kawaida, katikati ya vijiji, madaraja na milima. Na katika historia hiyo, jina ambalo Waitalia hawajalisahau ni la Tazio Nuvolari, mtu mfupi, mwembamba, mwenye taya ndefu, aliyezaliwa tarehe 16 mwezi wa kumi na moja mwaka 1892 katika kijiji cha Castel d'Ario, karibu na mji wa Mantova.

Mtoto wa mkulima

Baba yake, Arturo Nuvolari, alikuwa mkulima mwenye uwezo, na pia mpenzi wa mbio za baiskeli. Baba mdogo wa Tazio, Giuseppe, alikuwa bingwa wa baiskeli. Mtoto alikua akisikia habari za mbio kila siku nyumbani.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Tazio alikuwa dereva jeshini. Mwaka 1917 alimwoa Carolina Perina, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa kwanza, Giorgio. Mbio alizianza akiwa amechelewa. Alikuwa na miaka 27 aliposhindana kwa mara ya kwanza kwa pikipiki, mwaka 1920, umri ambao wengine huwa tayari wamechoka.

Mwaka 1925, kampuni ya Alfa Romeo ilimwita Monza ajaribu gari lake la P2. Gari likaacha njia, akaumia vibaya na kulazwa hospitalini. Siku chache baadaye alirudi Monza kwa mashindano ya pikipiki, mwili ukiwa umefungwa bendeji kiasi kwamba ilibidi wenzake wamnyanyue na kumweka juu ya pikipiki. Alishinda. Mwaka huo akawa bingwa wa Ulaya wa pikipiki za sentimita 350 za ujazo.

Maili elfu moja

Mille Miglia yalizaliwa kwa hasira. Brescia ndiyo iliyoandaa mashindano makubwa ya kwanza ya Italia mwaka 1921, lakini baadaye Monza ikayachukua. Watu wanne, Aymo Maggi, Franco Mazzotti, Renzo Castagneto na Giovanni Canestrini, waliamua kuurudishia mji wao heshima. Walichora njia ya kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, yapata kilometa 1600, bila kulala njiani. Mwaka 1927 washindi wa kwanza, Ferdinando Minoia na Giuseppe Morandi, walitumia zaidi ya saa 21 kwa gari la OM, lililotengenezwa hapo hapo Brescia.

Kuendesha gari la wakati huo kwa umbali kama huo ilikuwa kazi ya mwili mzima. Usukani ulikuwa mzito. Breki zilivutwa na nyaya au vyuma, na zilipopata joto milimani zilipoteza nguvu. Hapakuwa na paa wala kioo cha maana cha kuzuia upepo, hivyo dereva alimeza vumbi, mvua na moshi wa injini. Barabara nyingi hazikuwa na lami. Ndiyo maana kila gari lilibeba watu wawili, na yule wa pili alikuwa fundi, msoma njia na mlinzi wa dereva asisinzie.

Mwaka 1930, Nuvolari alipewa Alfa Romeo 6C 1750, gari lililobuniwa na mhandisi Vittorio Jano. Lilikuwa na injini ndogo ya silinda sita, lakini jepesi na lenye kutii mkono wa dereva. Pembeni yake alikaa Battista Guidotti. Mpinzani wake mkubwa, Achille Varzi, alikuwa na gari la aina hiyo hiyo.

Kinachosimuliwa hadi leo ni usiku wa kurudi Brescia. Inasemekana Nuvolari alizima taa zake na kumfuata Varzi gizani, akiongozwa na taa za gari la mbele, ili Varzi asijue kwamba anakaribiwa. Kisha, kilometa chache kabla ya mwisho, akawasha taa zote na kumpita. Wanahistoria wamebishana sana juu ya kisa hicho. Jambo lisilobishaniwa ni saa: Nuvolari alikuwa ameondoka nyuma ya Varzi kwa dakika kumi, hivyo alipomfikia alikuwa tayari amemshinda. Alimaliza kwa saa 16 na dakika 18, na kuwa dereva wa kwanza kupitisha wastani wa kilometa 100 kwa saa katika Mille Miglia.

Alivyoendesha

Mwaka 1931 Enzo Ferrari, aliyekuwa anasimamia timu ya magari ya Alfa Romeo, alipanda pembeni ya Nuvolari wakati wa mazoezi ili aone siri yake. Baadaye alieleza kwamba kwenye kona ya kwanza aliamini kuwa wanakwenda kutumbukia mtaroni. Nuvolari aligeuza pua ya gari ndani ya kona mapema kuliko mtu yeyote, akaliacha magurudumu yote manne yateleze kwa pamoja, na gari likatoka kwenye kona likiwa tayari limenyooka. Kilichomshangaza Ferrari zaidi ni mguu wa kulia: haukuondoka kwenye pedali ya mafuta.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Alishinda Targa Florio, mashindano ya milima ya Sicilia, mwaka 1931 na 1932. Mwaka 1932 alikuwa bingwa wa Ulaya, na mshairi Gabriele D'Annunzio akampa kobe mdogo wa dhahabu, mnyama wa polepole kwa mtu wa mbio. Nuvolari aliifanya zawadi hiyo kuwa alama yake, akaivaa kwenye fulana yake ya njano. Mwaka 1933 alishinda tena Mille Miglia, akiwa na Decimo Compagnoni, na pia mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa, akishirikiana na Mfaransa Raymond Sommer.

Lakini ushindi unaotajwa zaidi ni wa Nürburgring, Ujerumani, tarehe 28 mwezi wa saba mwaka 1935. Serikali ya Wanazi ilikuwa inazisaidia kwa fedha kampuni za Mercedes na Auto Union, na magari yao tisa yalikuwa na nguvu kuliko Alfa Romeo P3 ya Nuvolari, gari la mwaka 1932 ambalo wengi waliliona limepitwa na wakati. Katikati ya mashindano, pampu ya kujazia mafuta iliharibika na Nuvolari akapoteza zaidi ya dakika mbili akisubiri. Akarudi njiani akiwa nyuma, akapita mmoja baada ya mwingine. Katika mzunguko wa mwisho, tairi la Manfred von Brauchitsch wa Mercedes, aliyekuwa anaongoza, lilipasuka. Gari kuukuu la Italia likafika la kwanza mbele ya umati wa Wajerumani.

Watoto wawili

Nyumbani, mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1937 Nuvolari alikuwa melini akielekea Marekani kwa mashindano, alipopata habari kwamba Giorgio, mtoto wake wa kwanza, amefariki kwa ugonjwa wa moyo. Kijana alikuwa na miaka 18. Baba alikuwa katikati ya bahari na hakuweza kurudi kumzika.

Mwaka 1938, baada ya Alfa Romeo yake kuwaka moto mjini Pau, Ufaransa, aliiacha kampuni hiyo na kwenda kuendesha Auto Union za Wajerumani aliowashinda. Alishinda nazo Monza na Donington, Uingereza. Ushindi wake wa mwisho kwa magari hayo ulikuwa Belgrade, tarehe 3 mwezi wa tisa mwaka 1939, siku ile ile Uingereza na Ufaransa zilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani.

Vita vilipokwisha, Nuvolari alikuwa na zaidi ya miaka 50. Mwaka 1946 msiba ukarudi: Alberto, mtoto wake wa pili, alifariki kwa ugonjwa wa figo. Yeye pia alikuwa na miaka 18. Nyumba ya Mantova ikabaki na wazee wawili.

Mwili wa Nuvolari nao ulikuwa umeanza kudai malipo. Miaka mingi ya kuvuta moshi wa mafuta ilikuwa imeharibu mapafu yake. Mara nyingine alitapika damu akiwa kwenye usukani. Madaktari walimtaka aache. Hakuacha. Waliomfahamu waliona kwamba barabara ilikuwa mahali pekee alipoweza kukaa bila kuzongwa na mawazo ya watoto wake.

Safari mbili za mwisho

Mwezi wa sita mwaka 1947, Mille Miglia yalirudi baada ya vita. Nuvolari alikuja na Cisitalia, gari dogo la wazi lenye injini ya sentimita 1100 tu za ujazo. Clemente Biondetti alikuwa na Alfa Romeo 8C 2900, gari la kabla ya vita lenye injini zaidi ya mara mbili ya hiyo. Kwa saa nyingi lile dogo ndilo lililoongoza. Kisha, katika sehemu ya mwisho, mvua kubwa ilinyesha, maji yakaingia kwenye mfumo wa umeme na injini ikazimika. Nuvolari aliikausha, akaendelea, akafika wa pili. Alikuwa amelowa na hoi, na ilibidi asaidiwe kushuka.

Mwaka 1948 alirudi tena, akiwa na miaka 55, katika Ferrari ya wazi ya aina ya 166 aliyopewa karibu na siku ya mashindano. Pembeni yake alikuwa fundi Scapinelli. Alianza kuwaacha wengine mbali, na gari likaanza kuachana na vipande vyake. Kwanza bawa la gurudumu la mbele liling'oka. Kisha boneti ikapeperuka. Kiti chake kikalegea. Watu walisimama kando ya barabara kutazama injini ikiwa wazi na mzee akiwa ameinama juu ya usukani, na bado alikuwa anaongoza kwa tofauti kubwa.

Karibu na Reggio Emilia, kipande cha springi kilivunjika na gari halikuweza kuendelea. Inasimuliwa kwamba padri wa mahali pale alimpa kitanda ili apumzike. Biondetti alishinda, naye akiwa na Ferrari, lakini habari iliyozunguka nchi nzima ilikuwa ya yule ambaye hakufika.

Nuvolari alishindana kwa mara ya mwisho tarehe 10 mwezi wa nne mwaka 1950, katika mbio za kupanda mlima Pellegrino karibu na Palermo, akashika nafasi ya kwanza katika kundi lake. Mwaka 1952 alipooza sehemu ya mwili. Tarehe 11 mwezi wa nane mwaka 1953 alifariki mjini Mantova, akiwa na miaka 60. Kwa mtu aliyepona ajali nyingi na aliyezoea kusikia kwamba barabara itamuua, kifo kilimkuta kitandani. Alizikwa na mavazi yake ya mbio, kama alivyotaka, na maelfu ya watu walijaa barabarani kumsindikiza.

Gharama ya barabara

Mille Miglia hayakudumu sana baada yake. Tayari mwaka 1938 gari lilikuwa limewavamia watazamaji mjini Bologna na kuua watu kumi, saba kati yao watoto, na serikali ikasimamisha mashindano hayo kwa muda. Tarehe 12 mwezi wa tano mwaka 1957, tairi la Ferrari ya Alfonso de Portago lilipasuka karibu na kijiji cha Guidizzolo, katika mkoa ule ule wa Mantova. De Portago, mwenzake Edmund Nelson na watazamaji tisa walikufa. Watano kati ya hao tisa walikuwa watoto. Italia haikuruhusu tena mbio za aina hiyo kwenye barabara za wananchi.

Mwaka 1977 jina la Mille Miglia lilirudi kwa sura nyingine, bila ushindani wa kasi. Mantova nayo, tangu 1991, huandaa safari yake ya magari ya zamani yenye jina la Nuvolari. Wanaoshiriki hutumia magari yenye umri mkubwa kuliko wao: huyasikiliza injini, huyapumzisha milimani, hukagua mafuta na maji kila yanaposimama, na hubeba vipuri na vifaa vya fundi. Wengi hubandika kobe mdogo kwenye bodi la gari. Kwa safari za leo kobe huyo anafaa, kwa sababu magari hayo yanatakiwa kurudi nyumbani salama pamoja na waliomo, na bila kumgusa mtoto aliyesimama kando ya barabara.