Luigi Broglio na Uhuru wa Angani

Mkazi wa Eastlands, Nairobi, alisikiapo jina Uhuru hukumbuka mtaa. Uhuru mwingine ulipaa angani kutoka jukwaa lililoasisiwa na Luigi Broglio.

Mhandisi huyu, profesa mjini Roma na jenerali wa jeshi la anga, alizaliwa Mestre, Italia, mwaka 1911. Aliichagua pwani ya Malindi kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia huiongezea roketi msukumo. Jukwaa la San Marco lilisimamishwa baharini, na nchi kavu zikawekwa antena za kunasa mawimbi ya redio ya setilaiti. Chombo kisichosikika ni sawa na kilichopotea.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti Uhuru ilirushwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Chombo kilikuwa cha Wamarekani, warushaji Waitalia. Wenyeji walipata jina, tena la Kiswahili, na pengine hicho ndicho kilichodumu zaidi.

Urushaji ulikoma mwaka 1988. Broglio alifariki mwaka 2001. Setilaiti Swift iliporushwa mwaka 2004, habari zake zilipokelewa Malindi.