ABUSHIRI BIN SALIM NA MKATABA ULIOSOMWA KWA MACHO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wanafunzi na wazazi, safari hii tunashuka kutoka milima yetu ya Usambara hadi Pangani, humu humu mkoani Tanga, kumtazama Abushiri bin Salim Al-Harthi. Wengi mnamjua kwa somo la historia, kwamba alipigana na Wajerumani akanyongwa. Wachache wanajua kuwa vita vyake vilianzia kwenye ugomvi juu ya maana ya mkataba.

MAISHA YAKE KABLA YA VITA

Abushiri alitoka katika kabila la Al-Harthi, Waarabu ambao kwa muda mrefu hawakupatana na masultani wa Zanzibar wa ukoo wa Busaidi. Alisafiri bara na misafara, akapigana upande wa Waarabu wa Unyanyembe dhidi ya Mirambo, kisha akakaa karibu na Pangani akilima miwa. Tuseme kweli pia: mashamba ya wakati ule yalilimwa na watumwa, na lake halikuwa tofauti. Tunamsoma kama mwanadamu, mwenye mema yake na makosa yake.

MKATABA WA 1888

Tarehe 28 Aprili 1888, Sultani Khalifa bin Said alitia sahihi mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni ilipewa kuendesha utawala na kukusanya ushuru wa forodha katika pwani ya bara kwa miaka 50. Lakini mkataba ulisema kazi hiyo ifanywe kwa jina la Sultani, chini ya bendera yake, na haki zake za enzi zibaki.

Hapo ndipo penye fundo. Watu wa pwani walielewa kuwa Kampuni ni mwakilishi tu, na mwenye nchi ni yule yule. Kampuni ilielewa kuwa nchi imeingia mkononi mwake, hivyo bendera yake nayo ipepee. Karatasi ilikuwa moja, wasomaji wawili, na kila mmoja alisoma alichokitaka.

Mkataba ulianza kazi Agosti 1888. Wakala wa Kampuni hapo Pangani alikuwa Emil von Zelewski. Alipotaka kupandisha bendera ya Kampuni, liwali alikataa, kwa kuwa hakuwa na amri kutoka Zanzibar. Zelewski akaita askari wa manowari. Bendera ya Sultani ikashushwa kwenye nyumba ya liwali. Imesimuliwa kuwa askari hao, wakimtafuta liwali, waliingia msikitini na viatu vyao, na mbwa akiwa pamoja nao, katika siku za Idi ya kuchinja.

Ndugu msomaji, watu wa Pangani wengi wao hawakuwahi kuiona ile karatasi. Walichosoma ni mwenendo. Mtu anayesema amekuja kwa jina la mwenye nyumba, kisha akashusha bendera ya mwenye nyumba, amekwisha kueleza nia yake bila kufungua mdomo.

VITA NA MAZUNGUMZO

Septemba 1888 mji ukainuka, na Abushiri akawa kiongozi. Wakati huo Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Oscar Baumann walikuwa wametoka kuizunguka milima yetu hii ya Usambara. Walipokuwa wakirudi pwani, Abushiri aliwakamata, akawaachia kwa fidia ya rupia 10,000. Huyu Meyer ndiye aliyefika kilele cha Kibo mwaka uliofuata. Punde Kampuni ikabaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Januari 1889 wapiganaji wa upande wa Abushiri walivamia misheni ya Pugu. Wamisionari wengine waliuawa, wengine wakatekwa. Jambo hili hatulitetei. Dini yetu inakataza kuwaua watu wa ibada wasiopigana.

Yakafuata mazungumzo na Admirali Deinhard, na vita vikasimama kwa muda. Mateka wa Pugu wakaachiwa kwa fidia. Lakini wakati midomo ikizungumza, mikono ilikuwa na kazi nyingine. Bunge la Ujerumani lilikuwa limekwisha kupitisha marki milioni 2 za vita, na Hermann Wissmann alikuwa akiandikisha askari wa Kisudani huko Misri. Alipofika, mazungumzo yakaisha. Tarehe 8 Mei 1889 aliivamia ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Aliyeisoma vizuri bendera ya Pangani hakupata nafasi ya kuona kilichokuwa kikiandaliwa mbali na macho yake.

Abushiri alikimbilia bara, akarudi na wapiganaji wapya, akashindwa. Desemba akakamatwa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa Pangani. Na ule mkataba wa miaka 50 haukumaliza hata mitatu: Sultani alilipwa marki milioni 4, na kuanzia Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikatawala yenyewe.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Neno la mkataba lifafanuliwe kabla ya sahihi. Allah (s.w.) katika Suratul Baqarah ametuamrisha kuandika deni, kuweka muda na mashahidi. Hapa Bumbuli mzee anapouza kipande cha shamba la chai, karatasi isomwe yote kwa sauti, na mpaka utembelewe kwa miguu. Wewe mwanafunzi unayejua kusoma, hiyo ni kazi yako nyumbani.

2. Tazama mwenendo. Huko Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria, Urwa bin Masud alitumwa na Makuraishi kuzungumza na Mtume (s.a.w.). Aliwatazama Masahaba wanavyomheshimu, akarudi kuwatahadharisha wenzake. Alijifunza kwa macho zaidi ya masikio.

3. Usihukumu kwa uso peke yake. Kijana wa kwetu huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa adabu, si kwa sababu anaficha jambo. Dalili ikuongoze kuuliza, isikuongoze kutuhumu.

4. Ukishaahidi, timiza. Masharti ya Hudaibiya yalikuwa mazito kwa Waislamu, na Mtume (s.a.w.) aliyatimiza.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie tuwe wakweli katika maneno na mikataba yetu, na atulindie haki za wazee wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.